Kicheko cha Safu ya Tatu

St. Louis, Missouri
11 Septemba 1978

Kwako Baba,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Sisi hapa ni wazima. Clifton bado anachambua barua pale posta, mgongo bado unamsumbua, na bado hataki kwenda kwa daktari, eti daktari atamwambia ana mgongo. Shangazi Lavinia amevunja miwani mara ya tatu mwaka huu, kwa kuikalia. Kanisani wamemfanya mhudumu wa mlangoni, na sasa hakuna anayeingia kabla sketi yake haijakaguliwa. Anakusalimu, anauliza kama bado una meno.

Natumai nawe u mzima. Nasema natumai kwa kuwa sina njia nyingine ya kujua. Simu yako inalia mpaka inachoka. Mara ya mwisho kukupata, mwezi wa sita, ulisema "Nani?" Nikasema, "Verdine." Ukasema, "Sasa hivi siwezi, ni saa kumi na moja," ukakata. Baba, hata wakala wa bima hukatiwa simu kwa adabu kuliko hivyo.

Haya, jambo lenyewe. Nina mimba. Nimeingia mwezi wa tano. Sikukuambia mapema kwa sababu niliogopa kuitamka. Miaka kumi na moja ya ndoa, tulikuwa tumeshaacha hata kulizungumzia. Daktari anasema mwisho wa Januari, Mungu akipenda, na kwa umri wangu anasema "Mungu akipenda" mara nyingi kuliko ninavyotaka.

Nataka uje. Sisemi uje utazame mtoto kisha urudi, nasema uje ukae. Clifton amepaka rangi chumba cha nyuma. Wewe uko peke yako katika nyumba ya vyumba vinne tangu tulipomzika Mama mwaka jana, na ng'ambo ya ukuta hakuna mtu ila Bibi Pettiford na mbwa wake. Mtoto huyu hatakuwa na bibi upande wangu. Babu anaye, na sitaki amjue kwa televisheni tu kama Waamerika wengine wote.

Nijibu. Na usinijibu kama Horace Peebles. Nijibu kama baba yangu.

Binti yako,
Verdine


Los Angeles, California
2 Oktoba 1978

Verdine,

Barua imefika. Mimi mzima, na nisipokuwa mzima nitakufa kimyakimya bila kumsumbua mtu. Mwambie Lavinia meno yangu ninayo yote, mengine mdomoni, mengine kwenye glasi.

Habari za huku ni chache. Mlimau umezaa kuliko akili yake. Bibi Pettiford huniletea chakula kila Jumatano, mboga za majani kwa mguu wa nguruwe, chumvi ya kuua farasi. Namwambia ni mbaya. Nakula. Jumatano ijayo huyo tena na sufuria yake. Mwanamke mkaidi, sijapata kuona.

Kuhusu mimba: vema. Kula. Usinyanyue vitu. Nilipomaliza kusoma nilitoka kwenda kukata majani nyuma ya nyumba, na nilikuwa nimeyakata jana yake.

Umeniambia nisijibu kama Horace Peebles. Miaka sita nimevaa kwenye televisheni aproni ya yule fundi viatu, kila wiki nazunguka nyumba ya mbao isiyo na dari, nazima taa na kufoka, "Nani kaacha taa inawaka?" Nchi nzima ikacheka. Unadhani nilimwokota wapi? Nilimwokota nyumbani. Wewe ndiye uliyekuwa ukiacha taa.

Kuja siwezi. Ndege sipandi, unajua. Treni ni siku mbili, na siku mbili siwezi kukosekana hapa saa kumi na moja jioni.

Nitakuambia kwa nini, na usimsimulie Lavinia, ataitangaza mlangoni mwa kanisa. Jumatatu mpaka Ijumaa, saa kumi na moja, wanarudia vipindi vyangu vya zamani. Sijitazami. Sura yangu naifahamu, hainipendezi. Nageuza kiti naipa televisheni mgongo, nasikiliza watu waliokuwa ukumbini wakicheka. Mama yako alikuja kila Ijumaa tulipokuwa tukirekodi, miaka sita, safu ya tatu. Kicheko chake unakijua. Huanza kama mtu aliyepaliwa na chai, kisha kinapanda, kinapanda, halafu anapiga paja na kusema, "Bwana wangu!" Hata leo sijui alikuwa akimwita Mungu au mimi.

Basi bado anaita. Mara nne, mara tano kila jioni, katikati ya watu mia tatu, nampata. Nami naitika. Nasema, "Naam, Dess." Sasa niambie, nikiwa kwenye treni siku mbili, akiita, nani amwitikie?

Usinyanyue vitu.

Baba yako


St. Louis
14 Oktoba 1978

Kwako Baba,

Sisi wazima. Mtoto ameanza kupiga teke, na hupiga zaidi nikila vitunguu. Barua yako ina tarehe mbili ya Oktoba lakini Clifton anasema muhuri ni wa tarehe tisa. Umekaa nayo mfukoni wiki nzima. Kumbuka umeozesha binti yako kwa mtu wa posta, huwezi kumficha kitu.

Nimeisoma nikiwa jikoni, nikazima jiko, nikakaa. Unamwitikia? Baba, Mama amekufa. Nasema hivi kwa upendo wote nilionao, na sijui kama unatosha leo.

Unajua mimi nilikuwa nikitazama nini kwenye kipindi kile? Mwisho wake. Kila wiki Horace Peebles anafoka dakika ishirini, kisha anamwita binti yake, "Haya, njoo hapa, mjinga wewe," anamkumbatia, watu wanapiga makofi. Renita Oakes aliyeigiza binti huyo, mtoto wa watu kutoka Detroit, umemkumbatia mara mia na hamsini. Mimi niliye damu yako umenikumbatia siku ya harusi, na hata siku hiyo ulisema kola inakubana. Mlipotokea wewe na yeye kwenye jalada la jarida, Krismasi ile, "Baba wa Amerika na binti yake," mwalimu mwenzangu alinionyesha akaniuliza, "Huyu ndiye wewe?"

Haya, hayo nilishayameza. Kuna moja halimezeki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe ulificha maradhi ambayo hata si yako. Miezi miwili Mama anaumwa ini, nawe kwenye simu unaniambia, "Mama yako mzima, amelala." Siku uliponipigia kunieleza ukweli, ulikuwa umeshampeleka kwa mwosha maiti. Wewe unakaa hapo kila jioni unasikia kicheko chake. Mimi sikusikia hata kikohozi chake.

Sitasema zaidi. Chumba cha nyuma bado kipo.

Verdine


Los Angeles
20 Novemba 1978

Verdine,

Mwambie Clifton muhuri autazame vizuri, hii nimeitia leo leo.

Natumai miguu haijakuvimba. Mama yako alivimba kwa mimba yako mpaka akavaa viatu vyangu kanisani. Bibi Pettiford amenialika bata mzinga Alhamisi. Nimekataa. Ameniambia saa saba kamili, nisichelewe.

Ulichoandika nimekisoma. Nimekisoma mara nyingi kuliko unavyodhani. Tuendelee.

Limetokea jambo na sina mwingine wa kumwambia. Jumapili ya majuzi, mchana, nilikuwa kwa Bibi Pettiford nakula pai ya viazi vitamu. Televisheni yake haizimwi, hata akiomba. Kukawa na kichekesho kipya, mwanasheria na mama mkwe wake. Mama mkwe mnene anakaa, kiti kinavunjika. Basi, huo ndio mzaha wote. Watu wakacheka, na katikati yao akacheka mama yako.

Verdine, sikosei. Kupaliwa kule, kupanda kule. Sahani ilinitoka mkononi. Kipindi kile kimeanza mwezi wa tisa mwaka huu, na mama yako ana mwaka na miezi minane udongoni.

Na kuna kibaya zaidi. Hakumaliza. Alifika mwisho, akasema "Bwa—" na sauti ikakatika, kama mtu aliyezibwa mdomo kwa mkono.

Bibi Pettiford naye alisikia. Alimjua Dess miaka kumi na tisa. Alipiga magoti pale pale kwenye pai. Jumanne akaja na Mchungaji Gaskins na chupa ya mafuta, wakapaka milango yangu yote, nikabaki na vitasa vinavyoteleza. Mchungaji akasema, "Ndugu Tarkington, wafu hawacheki." Nikamwambia akae nami jioni moja atazame televisheni. Akasema ana kikao.

Tangu siku hiyo sitafuti kingine. Nimemsikia kwenye kipindi cha wanajeshi. Nimemsikia kwenye cha kubahatisha zawadi. Nimemsikia akicheka mlevi anayeanguka, mama yako, ambaye baba yake alikufa kwa pombe. Amecheka mzaha wa mtu mnene, na mama yake mwenyewe alikuwa hapiti mlangoni! Hakuwahi kucheka upuuzi maishani mwake. Mimi nilikuwa nikifika nyumbani Ijumaa nakuta ananingoja na orodha: hapa ulinichekesha, hapa ulinitia aibu. Sasa anacheka ovyo, popote, kwa yeyote, na kila mara wanamziba mdomo. Naogopa, mwanangu. Sikuwahi kumwogopa alipokuwa akinifukuza na ufagio, leo namwogopa. Naogopa yuko mahali na hawamwachi atoke.

Baba yako


St. Louis
1 Desemba 1978

Baba yangu,

Salamu fupi, naandika nimelala. Presha imepanda, daktari amenikataza kusimama. Shule nimeacha mpaka baada ya kujifungua. Clifton anapika, tuombee. Shangazi Lavinia anakuja mchana kunisomea Zaburi na kunisema.

Nimeisoma barua yako. Sitakucheka na sitasema umechanganyikiwa. Kipindi cha mwanasheria Jumapili ni saa ngapi? Na kile cha wanajeshi, siku gani? Niandikie tu, nataka kujua.

Lakini nakusihi usiende studio kufanya vurugu. Ninakujua. Utaingia na fimbo, utatoka na polisi, na magazeti yatapata la kuandika.

Njoo huku. Safari iliyopita nilikuomba kwa ajili ya mtoto, leo naomba kwa ajili yangu. Nalala hapa natazama dari na nawaza mambo ambayo mwenye mimba hatakiwi kuwaza. Likinipata la kunipata, sitaki liwe bado lipo kati yetu hili tulilonalo. Sina la kuongeza. Naogopa, basi.

Verdine


Los Angeles
18 Desemba 1978

Verdine mwanangu,

Umelala? Kama umekaa, lala kwanza, barua haikimbii. Mwambie Clifton akikuacha uinue hata kijiko nitakuja kumnyoosha ule mgongo mwenyewe. Bibi Pettiford anakuombea kwa sauti, nasikia kupitia ukuta, na Mungu naye bila shaka anasikia, labda ameziba masikio.

Nilikwenda. Ndiyo, uliniambia nisiende. Nilivaa suti ya mazishi, ndiyo pekee inayonienea. Getini mlinzi ni yule yule, Grady. Aliponiona akapiga kelele, "Nani kaacha taa inawaka!" Nikamwambia, "Mama yako." Akacheka mpaka akashika lango. Siwachukii. Hata siku tunamzika Dess kuna mtu alilipaza neno hilo kutoka ng'ambo ya barabara, na nusu ya waombolezaji walicheka kabla hawajajikamata. Mimi mwenyewe nilikaribia kuinua mkono.

Nikauliza nani huweka vicheko. Maana, kama hujui, watu wakicheka kidogo kwenye kipindi, yuko mtu ambaye kazi yake ni kuwaongezea. Miaka sita nilijua yupo na sikuwahi kumwona, hufanya kazi yake sisi tukishaondoka. Anaitwa Abner Stolz, kizee chembamba, kofia kichwani ndani ya nyumba. Ana sanduku lenye kufuli, na ndani yake vitufe kama vya taipureta. Akibonyeza hiki, wanacheka wanaume. Hiki, wanacheka chinichini. Hiki, mtu mmoja tu.

Nikamwuliza, "Vicheko hivi umevitoa wapi?"

"Kwenu," akasema. "Kipindi chako kilikuwa na watu wazuri. Nilivuna kila Ijumaa."

"Kuna mwanamke anaanza kama amepaliwa."

"Kitufe cha kumi na nne!" Uso wote ukamchangamka. "Huyo ndiye dawa yangu. Nikimweka huyo, kipindi kibovu kinapona. Wenzangu wa studio nyingine humwazima kwangu. Kwani unamjua?"

Nikamwambia ni mke wangu, marehemu.

Alivua kofia. Nilitaka kumpiga, ndicho kilichonipeleka, lakini utampigaje mtu aliyevua kofia? Nikamwuliza mbona anamkata, mke wangu akimaliza kucheka ana neno lake. Akasema neno halifai kwenye kazi hii. Watu wakisikia neno wataanza kujiuliza limesemwa na nani.

Akaniambia kama nataka, nibonyeze. Nikabonyeza. Mama yako akacheka, pale chumbani, karibu yangu kama kiti hiki. Nikaitika, "Naam." Nikabonyeza tena. Akacheka vile vile. Mara ya tatu vile vile, pumzi ile ile, kukatika pale pale. Nikamwambia, "Dess, ni mimi, Lucius." Nikabonyeza. Vile vile. Verdine, miaka arobaini na mmoja nimeishi na yule mwanamke, hakuwahi kunijibu jibu moja mara mbili. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma, kisha nikakaa sakafuni mwa watu na suti yangu, nikalia. Nimeliandika, usinifanye nilirudie.

Stolz akasema anaweza kunirekodia nakala niende nayo nyumbani. Nikakataa. Nikamwambia afute. Katika vipindi vyetu vya zamani aachwe, alicheka kwa hiari yake, na neno lake yumo nalo. Lakini asichekeshwe tena na wapumbavu. Akafuta mbele yangu, kisha akabonyeza kumi na nne nisikie. Kimya.

Sigeuzi kiti tena. Jana saa kumi na moja nilikuwa bustanini nachuma malimau na sikukumbuka mpaka ilipofika na nusu.

Kuhusu kuja, nafikiri. Usinisukume.

Baba yako


St. Louis
28 Desemba 1978

Baba yangu,

Krismasi imepita salama. Clifton alichoma nyama mpaka ikawa kiatu, tukaila. Presha haijashuka, lakini haijapanda. Mtoto amegeuka, kichwa chini, daktari amefurahi.

Umefuta. Niliposoma hapo nilipiga ukelele mpaka Shangazi Lavinia akadhani uchungu umeanza. Nitakuambia kwa nini, na baada ya hapo huenda usitake kuja, nami sitakulaumu.

Huku wanakirudia kipindi chako saa kumi alasiri. Mimi pia husikiliza. Tangu mwaka jana. Nilikuwa nikikimbia kutoka shuleni ili niwahi. Clifton hajui, akiingia nazima. Ulipoandika kwamba yuko hata kwenye kile cha mwanasheria, nilikitafuta Jumapili mbili nimelala hapa, nikampata, nikamsikia akikatwa. Nilikuambia Mama amekufa, na huku mimi mwenyewe kila siku namwendea.

Nawe angalau ulikuwa ukiitika, Baba. Mimi nilikuwa nikimwomba radhi.

Kwa sababu nilijua. Mama aliniandikia. Barua ilinifikia tarehe ishirini na mbili Februari, siku kumi na moja kabla hajafa. Aliandika: daktari amesema ini, baba yako nimemwapisha asikuite kwa kuwa hutapenda kuitwa naye, lakini mimi nakuita, njoo kama unaweza. Nami niliweza. Nilikuwa na likizo na nauli. Lakini lile jarida lilikuwa bado juu ya friji yangu, wewe na Renita mmekumbatiana. Nikasema moyoni, anaye binti mwingine huko, huyo ndiye amsaidie. Kisha hasira ikapungua, nikasema nitakwenda, ila kwanza Baba aniite mwenyewe, kwa kinywa chake, mara moja tu katika maisha yake aseme, "Verdine, njoo, ninakuhitaji." Nikaitia barua kwenye droo. Kila simu ilipolia nilidhani ni wewe. Siku ya kumi na moja ndiyo ilikuwa wewe.

Kisha nikaja, nikasimama ngazini mwa kanisa mbele ya watu wote nikakupigia kelele, "Ulinificha!" Nilipiga kelele ili nisijisikie mwenyewe. Nawe ulisimama na kofia yako mkononi hukusema kitu. Mwaka na miezi tisa umekaa na lawama yangu. Sitaki kuzaa nikiwa nimeishika siri hii. Mama alikufa akijiuliza mbona sijafika, na ni mimi.

Sasa unajua. Chumba kipo, uje au usije.

Verdine


Los Angeles
5 Januari 1979

Mwanangu,

Salamu nitakuletea mwenyewe. Naondoka tarehe kumi na tano, naingia stesheni yenu tarehe kumi na saba saa nane mchana. Clifton aje na gari, asije na maua. Bibi Pettiford amechukua funguo na analia kama nakwenda vitani.

Sasa sikia, na usinikatishe.

Nilijua. Ile barua niliipeleka posta mimi. Mama yako alinipa bahasha imefungwa, akaniambia ni ya Lavinia. Macho sikuwa nimeyaacha nyumbani, nikasoma jina lako. Nikabandika stempu, nikaitia sandukuni, nikarudi nikasema, "Barua ya Lavinia imekwenda." Ameniapisha nisikuite, na huku anakuita kwa mlango wa nyuma, ndivyo alivyokuwa. Nilifurahi, kama unataka kujua. Nilipitia buchani nikanunua nyama ya watu watatu.

Halafu nikangoja. Kila gari lililopunguza mwendo nje, mimi niko dirishani. Unauliza mbona sikupiga simu. Kiapo kilikuwepo, lakini nisijifiche nyuma ya kiapo, kilikuwa kiburi. Nilitaka uje bila kubembelezwa. Wewe unangoja nikuite, mimi nangoja uje. Maneno ya kumwita binti niliyajua, niliyasema kila Ijumaa, mtu mwingine ameniandikia. Yangu mwenyewe yalinishinda. Nisamehe hapo, Verdine. Hapo nina kosa na nimelala nalo kila siku.

Ngazini pale ulipopiga kelele, jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikakutazama, nikaona huu mzigo lazima aubebe mtu mmoja, na wewe una miaka arobaini mbele yako ya kuubeba, mimi labda kumi. Nikauchukua. Haukuwa mzito kama unavyodhani, maana hata ukinilaumu bado ulikuwa ukiniandikia.

Lakini hilo la mwisho ulilosema si kweli, na ndilo linalonitia kwenye treni badala ya kungoja posta. Mama yako hakufa akijiuliza. Jumatano ya wiki yake ya mwisho aliamka akasema, "Kuna barua, Lucius?" Hakusema ya nani. Nikamwambia barua hakuna, lakini Verdine amepiga simu, amekata tiketi ya treni, anakuja. Miaka sita walinilipa kudanganya mbele ya watu mia tatu, na sijadanganya vizuri kama asubuhi ile. Akaniuliza unafika lini. Nikamwambia Jumapili. Alifariki Jumamosi, akijua uko njiani.

Ijumaa alasiri alinituma nikutandikie kitanda. Akasema niweke shuka za buluu, zile nyeupe zinakuwasha. Nikaenda nikakitandika.

Baba yako,
Lucius Tarkington